Nani Anamchekesha Mke wa Waziri

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani, na kwa kuwa haimo, hakuna aliyetukanwa. Jina lake la zamani lilifutwa siku Mtukufu Rais alipogundua kwamba jina la nchi jirani linaimbika vizuri zaidi. Jina jipya liko kwenye kamati. Kamati inaendelea vizuri na wajumbe wake wamenenepa.

Mimi ni Shaweji Kilindo, Mwandishi Mkuu wa Taarifa katika Wizara ya Barua Pepe na Utulivu wa Majumbani. Neno lolote wizara inalolitamka limepita kwangu kwanza. Nimeandika "Serikali inapenda kuufahamisha umma" mara nyingi kiasi kwamba nyumbani hata nikiomba chumvi naanza hivyo. Mimi si mtu wa mizaha. Nalisema hilo mapema kwa sababu mbele ya safari litaulizwa.

Waziri wangu alikuwa Mheshimiwa Daktari Mwinyikombo Bashasha. Udaktari alitunukiwa na chuo alichokizindua yeye mwenyewe asubuhi ya siku hiyohiyo. Ni mtu mwema, ana wivu tu. Aliwahi kumwonea wivu kinyozi wake kwa sababu wakubwa wote humwinamishia kichwa. Aliwahi kuionea wivu sanamu ya mwasisi wa taifa kwa sababu haistaafu. Lakini hayo yalikuwa mazoezi. Wivu wake wenyewe hasa aliuweka nyumbani, kwa mkewe Bi. Mwajabu.

Tatizo la Bi. Mwajabu ni kwamba alikuwa akicheka.

Kila jioni baada ya chai alikaa baraza ya nyuma na kompyuta yake kuukuu ya mpakato, akafungua barua pepe zake, na baada ya kitambo kidogo kicheko kikaanza. Hakikuwa kile cha mke wa waziri kwenye hafla, cha meno ya mbele tu. Kilikuwa cha kujishika mbavu na kufuta machozi kwa upindo wa khanga. Waziri, ambaye wakati huo alikuwa sebuleni akitazama marudio ya hotuba yake kwenye televisheni, alikuwa anajipunguza sauti ili asikilize.

"Mwajabu, unacheka nini?"

"Nacheka tu, mume wangu."

"Unacheka na nani?"

"Na kompyuta."

Jibu hilo lilimkondesha. Ushonaji wa suti zake ulibidi uanze upya.

*

Asubuhi moja aliniita ofisini, akafunga mlango, akafunga na pazia.

"Shaweji, barua za mke wangu zinakaa wapi?"

Katika nchi yetu, msomaji, watu hula sinia moja. Wanakaa kulizunguka, na hakuna anayetia mkono kabla ya mkubwa hajatia wake. Mtoto anayeanza kabla ya mkubwa hupigwa jicho, na akirudia hupigwa kofi. Basi nilimweleza Mheshimiwa kwa lugha ya nyumbani, maana ile ya mitambo humletea kizunguzungu.

"Mheshimiwa, kuna wanaosoma barua zao kwenye tovuti. Barua zinabaki kwenye seva, na mwenyewe anazifuata kwa nenosiri popote alipo, nyumbani, kazini, hata kafe ya intaneti. Hao wanakula kwenye sinia. Halafu kuna wenye programu ndani ya kompyuta zao. Programu inazivuta barua zote zishuke, inazifungia humo, na kule kwenye seva haubaki hata ukoko. Hao wana sahani zao."

"Na mke wangu?"

"Ana sahani, Mheshimiwa."

Alilitazama pazia.

"Anakula chumbani," alisema hatimaye, kama mtu aliyesomewa hukumu. "Ndani ya nyumba yangu, mke wangu anakula chumbani."

*

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Sheria ya Sinia: barua za taifa zima zibaki kwenye seva, na sahani zote zikusanywe. Wanahistoria wataandika mengine, lakini mimi nilikuwepo.

Mheshimiwa aliiwasilisha bungeni kwa hotuba iliyowatoa machozi waliokuwa macho. "Waheshimiwa," alisema, "sahani ikiibiwa, umeibiwa chakula chote. Sahani ikianguka, umelala njaa. Nani kati yenu amewahi kusikia sinia la taifa limeibiwa?" Wabunge walipiga meza. Mmoja wa upinzani aliuliza, je, sinia likitiwa sumu, si watakufa wote kwa mpigo? Aliteuliwa kuwa balozi mahali penye barafu.

Nami sitaki kuidhulumu hoja ya Mheshimiwa. Ilikuwa na ukweli. Shemeji yangu alimwagia uji kompyuta yake, zikafa humo barua zake zote, na picha za harusi, na hati ya shamba aliyotumiwa na baba yake. Angekuwa kwenye sinia angeenda kafe tu, akazikuta zote zinamsubiri. Mwenye sahani asiyeweka akiba amejichimbia shimo.

Tatizo, kama lilikuwepo, lilikuwa kwenye kifungu cha mwisho, ambacho Mheshimiwa alikiongeza kwa mkono wake garini. Kilisema kwamba kwa kuwa barua nyingine huja na virusi, kila barua itaonjwa na mkubwa kabla ya kumfikia mlaji. Kila kata ikapewa Waonjaji. Kwa nyumba ya Waziri, mwonjaji alikuwa Waziri.

Jioni hiyo nilituma taarifa kwa umma wote kwa barua pepe: "Serikali inapenda kuufahamisha umma kwamba faragha ya kila mwananchi sasa imeongezeka, kwa kuwa italindwa na watu wengi zaidi." Niliijivunia sana sentensi hiyo. Nilimsomea mke wangu, akaniuliza kama nimelipa bili ya maji.

*

Siku ya kukusanya sahani, Mheshimiwa alianza na nyumba yake ili kuonyesha mfano. Alikwenda na maofisa wawili wenye glavu, na mimi nikafuatana nao ili niandike habari.

Bi. Mwajabu alitukaribisha vizuri. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama," akaitikia bila kunitazama. Macho yake yalikuwa kwa mumewe.

"Ungeniuliza, mume wangu."

"Sheria ni msumeno, Mwajabu. Hukata mbele na nyuma."

"Na meno yake umeyatia wewe."

"Ni usalama wako. Kompyuta hii ikiibiwa je?"

"Ikiibiwa, mwizi amevunja mlango wangu, mbwa wamebweka, majirani wameamka. Huko kwenye sinia mwizi anahitaji nenosiri tu, na hakuna atakayebweka."

"Nenosiri ni siri."

"La nani? Lako ni jina lako na mwaka wa kuzaliwa. Tena ule mwaka uliopunguzwa."

Maofisa walianza kukagua dari, nami nikawasaidia kuikagua. Mama alinyanyuka, akaenda ndani kuileta kompyuta, akakawia kidogo. Aliporudi nilimwona anakaza fundo la khanga yake, pale wanawake wanapofungia hela, na ndani ya fundo kulikuwa na kitu kidogo cha mraba, kama flashi. Sikusema. Mafundo hayamo katika idara yangu.

*

Kuanzia hapo Mheshimiwa alianza siku yake kwa kuonja. Mikutano ilisogezwa, mabalozi walisubirishwa. Alifungua barua za mkewe moja baada ya nyingine, na mimi nilikaa pembeni kumfafanulia maneno magumu.

"Hii hapa," alisema siku ya kwanza. "Sikiliza. 'Kiuno nimekipunguza kama tulivyokubaliana. Njoo ujaribu mwenyewe.' Nani huyu Jongo?"

"Nadhani ni fundi cherehani, Mheshimiwa."

"Walikubaliana lini?"

Fundi Jongo aliitwa kwa mahojiano. Alitoka akiwa ameahidi kutomtaja tena mke wa kiongozi yeyote kiuno, na tangu hapo magauni ya wake wa mawaziri yanashonwa bila kipimo cha katikati.

Siku nyingine ilikuwa barua ya Bi. Hidaya, mdogo wake Bi. Mwajabu. Ilikuwa fupi: "Dada, umeiona ya leo? Nimelia."

"Amelia," alisema Mheshimiwa. "Kuna aliyefariki huko, na hawajaniambia. Andika rambirambi."

Niliandika. "Serikali imepokea kwa mshtuko kilio chako, na inakuhakikishia kwamba itaendelea kukifuatilia kwa karibu." Bi. Hidaya hakujibu, ila nilisikia kwamba siku hiyo alishindwa kupika.

Na jioni, baraza ya nyuma, kicheko kilikuwa palepale. Mheshimiwa alishaonja kila kitu, hakukuta mwanamume wala mzaha, na mkewe bado anacheka. Alianza kuja kazini na soksi za rangi mbili.

*

Wakati huohuo, nchi ilipata utulivu usio wa kawaida.

Kwenye sinia letu, barua ambayo haijafunguliwa ina weusi uliokolea. Ikishafunguliwa, weusi unapauka. Waonjaji walipokuwa wanaonja, walikuwa wanazipausha. Mwananchi alifungua ukurasa wake akakuta barua zote zimepauka, akajua zimeshasomwa, akafunga akaenda zake. Watu wetu wamelelewa hivyo. Hawali makombo.

Harusi zilikosa wageni. Wagonjwa waliopangiwa tarehe za upasuaji walibaki nyumbani, na mganga mkuu akatangaza kwamba taifa limepona. Gwaride la jeshi lilifanywa na bendi peke yake. Wizara ya Malalamiko, ambayo barua zake nazo zilikuwa zinapauka kabla ya kufika mezani, ilitoa takwimu za kufurahisha, nami nikazitangaza: "Serikali inapenda kuufahamisha umma kwamba malalamiko yamefika sifuri, na wananchi wenye malalamiko wanaombwa kuungana nasi kusherehekea."

Barua za aina moja tu hazikupauka, nazo ni taarifa zangu. Waonjaji walizipita. Nani anaonja chakula alichokipika mwenyewe? Zilifika kila nyumba saa ya chai ya jioni, nyeusi tii, zimekaa juu ya makombo.

Sikulitilia maanani hilo. Ningelitilia maanani, leo ningekuwa bado na ofisi yenye kiyoyozi.

*

Siku ya mwisho Mheshimiwa aliniita nyumbani kwake. Nilimkuta sebuleni, televisheni imezimwa, jambo ambalo lilinitisha.

"Kaa, Shaweji. Unajua nimefanya nini? Nimeziacha barua zangu wazi pale mezani tangu asubuhi. Ya juu kabisa imetoka kwa katibu muhtasi wa Wizara ya Utalii, yule mwenye mashavu. Ina picha ya maua. Nilimwomba mwenyewe aniandikie."

"Na mama ameiona?"

"Ameiona. Amesema, 'Mume wangu, umesahau kutoka kwenye barua zako, wezi watazisoma.' Halafu akaweka kikombe cha chai juu ya mpakato." Alifuta uso kwa kiganja. "Nenosiri langu analijua. Nimeoana naye miaka yote hii na hajaingia humo hata siku moja. Hata wivu hanionei."

Nilimhurumia. Nasema kweli nilimhurumia, na papo hapo nilimwonea wivu, kwa sababu kwake kulikuwa na mtu anayecheka, hata kama hakujulikana anacheka na nani. Kwangu kuna bili ya maji.

"Leo nimeonja kila kitu," alisema. "Kila kitu, Shaweji. Hakuna kilichobaki cheusi. Akicheka leo, basi ni jini. Twende, uwe shahidi."

Tulinyata mpaka mlango wa baraza. Bi. Mwajabu alikuwa amekaa anatupa mgongo, na kwenye kioo cha kompyuta mpya aliyogawiwa na wizara tuliona safu ndefu ya barua zilizopauka. Juu yake kulikuwa na moja nyeusi, imeingia dakika hiyohiyo. Aliifungua. Akaanza kujisomea kwa sauti ndogo, ile ya mtu anayeonja pipi.

"'Serikali inapenda kuufahamisha umma kwamba uvumi kuhusu kuwepo kwa uvumi ni uvumi.'"

Akaweka miwani chini. Akajishika mbavu. Kicheko kilipomtoka, ng'ambo ya ukuta kwa jirani kilitoka kingine, na kwa jirani wa jirani kingine, kikaenda hivyo nyumba kwa nyumba mpaka kikavuka barabara ya Ikulu. Taifa zima lilikuwa kwenye chai.

Mheshimiwa alinigeukia taratibu.

"Hizo huandikwa na nani?"

"Na wizara, Mheshimiwa."

"Wizara haina mikono, Shaweji."

"Na mimi."

"Kumbe ni wewe," alisema, na aliponitazama nilijua fundi Jongo alijisikiaje.

Bi. Mwajabu alishageuka. Alinitazama kuanzia viatu hadi upara, kwa mara ya kwanza tangu tujuane.

"Ndiye wewe?" aliuliza. "Nilidhani ni mtu mwembamba."

"Mwajabu," alisema mumewe, "huyu mtu ana nini?"

"Ana kipaji. Mchana kutwa nawaza mambo ya nyumba hii, jioni ananifanya nisahau nimeolewa na nani." Alimtazama mumewe bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nilitaka kukwambia zamani. Lakini ulikuwa huulizi ninachokipenda. Ulikuwa unauliza nipo na nani."

Nilijaribu kujitetea. Nilieleza kwamba sijawahi kuandika mzaha maishani, kwamba kila sentensi ilikuwa ya dhati na ilipitishwa na vikao. Bi. Mwajabu alianza kucheka tena. Alicheka mpaka akashika ukuta, na Mheshimiwa alinifukuza kwa kunionyesha mlango uliokuwa tayari wazi.

*

Sasa niko Ghala la Taifa la Sahani Zilizokamatwa, wilaya ya mbali, mlinzi wa maelfu ya kompyuta za watu. Barua ya uhamisho inasema nitarudishwa kazini siku nitakapoandika taarifa ambayo hakuna atakayeicheka. Najitahidi. Juzi niliandika moja kuhusu upungufu wa dawa za minyoo, nikaiandika kwa uchungu, nikampa askari wa getini aipime. Alisoma mstari wa kwanza akaomba ruhusa ya kutoka nje. Nilimsikia huko nje akigaragara. Kwa hiyo nakuomba, msomaji, kama kuna mahali humu umecheka, nionyeshe ni wapi ili nipafute. Mimi sipaoni.

Taarifa za wizara siku hizi anaandika Mheshimiwa mwenyewe. Anatia na vichekesho, vya mama mkwe na vya mlevi na chura. Kisha, kwa kuwa wivu haumwachi, ameamuru hata taarifa zake zionjwe kwanza, naye ndiye mwonjaji. Zinafika zimepauka. Naambiwa kila jioni anasimama nyuma ya mlango wa baraza, anasikiliza, na kinachosikika ni kijiko kwenye kikombe.

Upande wangu, kuna kompyuta moja iliyopotea humu ghalani. Ilikuwa kuukuu, ya mpakato, na ilipotea ikiwa imefungwa vizuri kwenye boksi lenye anwani ya Bi. Mwajabu. Ajali za namna hiyo hutokea. Mle kwenye flashi ya fundo la khanga bila shaka alikuwa na barua zake za zamani zote, maana yeye si kama shemeji yangu. Maisha ya sahani yameanza tena kwa siri, na mitambo inaonyesha barua zake zinavutwa kutoka kwenye seva kabla mkubwa hajanawa mikono.

Nimemtumia simulizi hii awe wa kwanza kuisoma. Hajajibu. Askari wa getini, ambaye dada yake anafua nguo mtaa ule, ananiambia kwamba mama ameanza tena kucheka jioni, tena sana. Nilifurahi usiku mmoja. Kisha nikaanza kujiuliza anacheka nini. Inawezekana ni mimi. Lakini nasikia nchi jirani, ile yenye jina zuri, nayo ina mwandishi wa taarifa, kijana, na wanasema ni mwembamba.

Nisingekuwa na maswali kama angekuwa bado kwenye sinia. Ningechungulia mara moja tu nione kama yangu imepauka. Lakini barua ikishashuka kwake imeshuka, mlango umefungwa, anakula chumbani, na hakuna mtu duniani anayejua ametia mkono kwenye chakula cha nani. Naona hili ni pengo kubwa katika sheria zetu. Jana nimeanza kuandika rasimu ndogo ya kuliziba. Si wivu. Ni kwa ajili ya usalama wake tu.